Amplifaya Isiyolala

Entarara, 18 Januari 1998

Kwa Muteti, mjukuu wangu mwenye jina la mzee wangu,

Mimi niko mzima, magoti tu ndio yanalia kama mlango wa zamani. Hii mvua wanaita El Nino imebeba nusu ya vitunguu na nusu ingine imeozea kwa shamba. Ng'ombe wako sawa. Mke wako Nzilani anakula vizuri, anatapika kidogo, na tumbo imeanza kujionyesha hata akijifunga leso. Haya ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe, usifikiri nimemwita mwalimu. Gumbaru, yale masomo ya watu wazima, sikuenda kucheza.

Sasa sikia. Ile amplifaya ulituma kutoka Kitengela ilifika. Simel, dereva wangu, ameifunga chini ya kiti cha pikapu vile ulieleza: mimi nasoma barua, yeye anafunga. Spika ziko juu ya keria, zimetoa macho kama bundi. Nimetangaza matanga na chanjo ya ng'ombe, na watu wa upande wa Rombo walisema wamenisikia mpaka kwa jikoni. Tabitha, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alikuwa anajiona na ile tarumbeta yake ya mkono ya kukuza sauti. Siku hizi ananisalimia kwanza.

Lakini pikapu haiamki tena. Jioni inazimwa ikiwa nzima, asubuhi ukizungusha ufunguo inasema "tik" na kunyamaza. Tunasukuma. Mimi mwenyewe nimesukuma, na umri wangu.

Muteti, hii si mambo ya kuchekesha. Daktari wa Loitokitok amesema wazi kwamba Nzilani atapasuliwa, na uchungu ukianza tu aletwe mbio. Mwaka juzi tulimbeba na mkokoteni wa punda na unajua vile iliisha. Hakuna gari ingine huku. Mwezi wa tano hii pikapu iamke, ama tuchimbe kaburi ingine.

Mimi nasema ni Simel. Huyo kijana anapenda nyimbo. Anaingia kwa gari tukiwa tumelala, anakunywa betri yangu. Niambie vile nitamshika.

Ni mimi susu yako,
Mukonyo

*

Kitengela, 2 Februari 1998

Susu mpendwa,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Okoth wa lori ya vitunguu, ikiwa imelowa lakini inasomeka. Huku kuna matope mpaka kwa mlango wa gereji. Bedan, mwenye gereji, ananituma Kajiado kila wiki kufungia watu redio, na kwa hiyo sipati nafasi ya kuja. Pole kwa vitunguu. Pole kwa magoti. Mwambie Nzilani nimemtumia kitambaa, kiko na Okoth.

Susu, betri hufa kwa njia tatu. Ama ni mzee, ama halishwi, ama kuna kitu kinainywa gari ikiwa imelala. Anza na rahisi. Fungua vifuniko uangalie kama maji yamefunika zile sahani za ndani. Kama vichwa vya betri vimeota unga mweupe, mwaga maji moto na usugue. Mwambie Simel abonyeze mkanda wa injini na kidole. Ukilegea kama kamba ya nguo, betri hailishwi.

Kila jioni, mfungue kichwa kimoja cha betri, kile cha alama ya kutoa. Hata kama kuna mwizi hatapata kitu.

Na usimshtaki mtu kabla ya kujua. Simel namjua tangu tukichunga pamoja.

Ukiona ni taabu, ng'oa amplifaya kabisa, uweke kwa stoo mpaka mtoto azaliwe. Sauti yako inatosha hata bila umeme.

Mjukuu wako,
Muteti

*

Entarara, 22 Februari 1998

Kwa Muteti,

Tuko hai. Kitambaa kimefika. Nzilani amekishona, kinamkaa. Miguu yake imefura kidogo jioni, nimemwambia aiweke juu ya debe. Hakuniuliza kama unakuja. Alikuwa anauliza, sasa ameacha.

Umeandika eti sauti yangu inatosha. Nimeicheka hiyo, halafu nikakasirika. Sing'oi. Nikiing'oa leo Tabitha atatangazia kanisa nzima kwamba cha Mukonyo kimekufa, na ataitumia hiyo tarumbeta yake kunitangazia. Tafuta ugonjwa, usiniambie nimkate mgonjwa kichwa.

Maji tumeweka. Unga mweupe tumesugua. Mkanda umekaza. Betri ilipelekwa Loitokitok ikachajishwa, ikarudi na nguvu kama ndume. Siku ya kwanza tulifungua kichwa cha betri jioni, asubuhi pikapu ikaamka. Siku ya pili nikasema, nani atakuwa anatafuta spana kila siku kwenye mvua? Tukaacha. Asubuhi, tik.

Na sasa mwizi nimemshika. Niliamka mapema, jogoo bado hajamaliza, nikamkuta Simel amekaa kwa gari. Redio imezimwa. Nikamuuliza:

"Unafanya nini humo?"

"Nakinga mvua, Koko," akasema, vile Wamaasai huita nyanya.

"Na nyimbo?"

"Nyimbo gani, Koko? Husikii kumenyamaza?"

Lakini mimi si mtoto. Niliingiza mkono chini ya kiti nikashika hiyo amplifaya. Ilikuwa moto! Moto kama yai limetoka kwa kuku sasa hivi. Kama ilikuwa imelala, huo moto umetoka wapi? Nikamwambia ameizima aliponisikia nikikohoa. Akaapa kwa jina la mama yake. Nikamwambia amwache Naeku, mama wa watu, hajafanya kitu.

Nimemfukuza. Ameacha ufunguo juu ya boneti na ameenda kwao bila kunywa chai. Ng'ombe wanalia wakimtafuta. Wacha walie.

Mukonyo

*

Kitengela, 15 Machi 1998

Susu,

Natumai hii itakukuta mapema, lakini Okoth ananiambia barabara ya kutoka Emali imekatika na lori zinalala njiani. Nimempa hata hivyo. Sina njia ingine.

Susu, kaa chini usome polepole. Simel hana makosa.

Amplifaya ikiwa moto na redio imezimwa, maana yake haijalala. Inakesha peke yake, bila nyimbo, bila mtu. Nina hakika ukiangalia pembeni utaona ka-taa kadogo kanawaka. Amplifaya iko na waya tatu za umeme: nene nyekundu inatoka kwa betri, nyeusi inashika bodi, na nyembamba ndiyo ya kuiamsha. Ile nyembamba ikipata umeme, amplifaya inaamka. Ikikosa, inalala. Kwa hiyo ni lazima ifungwe kwa waya ambayo hufa ukitoa ufunguo. Kwa Hilux yetu hiyo ni ya kijivu. Niliandika hivyo, kijivu. Jirani yake kuna ya buluu yenye mstari wa manjano. Hiyo haifi hata siku moja, ndiyo hulinda saa ya redio. Nyembamba ikifungwa kwa hiyo, amplifaya haitalala mpaka betri iishe.

Fanya hivi. Mtu achukue globu ndogo ya gari na vipande viwili vya waya. Afungue kile kichwa cha betri, aweke globu katikati ya kichwa na betri, ufunguo ukiwa umetolewa na milango imefungwa. Globu ikiwaka, kuna kitu kinakunywa. Halafu kwa ile waya nene nyekundu, karibu na betri, kuna kikopo cha plastiki chenye fyuzi. Aitoe. Globu ikizimika au ififie sana, mnywaji ni amplifaya. Hiyo fyuzi usiirudishe mpaka waya ihamishwe. Kuitoa hakutaki spana, ni vidole tu.

Lakini Susu, nani atafanya? Umemfukuza dereva. Nani ataendesha siku hiyo? Wewe?

Unauliza bila kuuliza kwa nini siji. Unajua. Siku nilifika mwaka juzi, mtoto alikufa kabla sijavua viatu, na ulisema mbele ya watu wa matanga kwamba nimekuja na mguu mbaya. Labda ni kweli. Mguu wangu nimeuweka mbali na Nzilani tangu ashike mimba hii. Hiyo ndiyo kazi ninafanya huku, si redio.

Muteti

*

Entarara, 14 Aprili 1998

Kwa Muteti,

Barua yako ya mwezi jana imefika juzi. Okoth anasema alilala kwa matope na vitunguu vikaota majani ndani ya lori. Nzilani amekuwa mzito, anapumua kama amepanda mlima. Daktari amesema uchungu hautazidi mwanzo wa mwezi wa tano. Nimesoma barua yako peke yangu, halafu nikaisoma tena nyuma ya nyumba.

Ka-taa kapo. Kekundu, kadogo kama jicho la panya. Miezi hii yote kalikuwa kananiangalia.

Sasa nitakueleza kitu na usicheke. Siku ile ya kufunga, mimi nilikuwa nimekaa kwa kiti nje, nasoma. Nikafika kwa kijivu. Simel akauliza, "Koko, kijivu ni nini?" Kiswahili chake ni cha ng'ombe na barabara. Na mimi miaka yote nimeishi na hawa watu, Kimaasai naongea hata ndotoni. Nikamjibu mara moja: "Pus!"

Ni kweli ama si kweli? Kijivu ni pus. Ng'ombe wa rangi ya majivu ni pus.

Na buluu? Ni pus pia. Hiyo ndio lugha yao, sikuitengeneza mimi.

Basi nikavaa viatu nikaenda kwa kina Naeku. Nilibeba sukari na majani ya chai. Naeku alikuwa anakamua. Nikamsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya." Akaitikia, "Iko," lakini hakusimama. Simel alikuwa amekaa kwa boma anachonga rungu. Nikamwambia:

"Wewe. Waya nyembamba uliifunga kwa gani?"

"Kwa pus, Koko. Ulisema pus."

"Kulikuwa na ngapi?"

Akaweka rungu chini. Akanionyesha ng'ombe wa mama yake na kidole. "Koko, pale kuna pus wawili. Yule wa majivu, na yule anakaa kama mvua ikiwa mbali. Ukiniambia nikuletee pus, nitaleta yule anang'aa. Ile waya ya majivu ilikuwa chafu, nilifikiri ni nyeusi. Hii ingine ilikuwa safi."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize wewe?" akasema. "Koko, nani hukuuliza mara mbili?"

Naeku akacheka mpaka ng'ombe akapiga teke ndoo. Maziwa yote chini. Nikaona hapo ndipo nisimame ama nirudi nyumbani.

Nikasema, "Nzilani ako karibu. Gari haina mtu."

Simel akasema, "Ulisema mimi ni mwizi. Ulisema mbele ya watu wakisaga unga kwa posho mill."

Nikasema nitakunywa chai kama iko. Ndiyo hayo nilisema. Nilikaa mpaka chai ikaiva, nikainywa yote, hata majani. Naeku alitengeneza na ile sukari yangu. Mwisho Simel alichukua koti lake na kutembea mbele yangu mpaka kwangu. Wewe umesoma, utaniambia kama hiyo ni kusamehe ama ni huruma ya Nzilani.

Tumefanya ile ya globu. Iliwaka. Simel akatoa fyuzi kwa kikopo, globu ikabaki kama makaa yanakufa. Halafu akalala chini ya dashibodi akahamisha waya kwa pus ya majivu, akarudisha fyuzi. Ukitoa ufunguo, lile jicho la panya linafunga. Nilipiga makofi peke yangu.

Asubuhi: tik.

Muteti, kwa nini? Tumepata ugonjwa, tumetibu, na mgonjwa hajaamka. Jibu haraka. Hayo mengine uliandika mwisho wa barua nimeyaona.

Mukonyo

*

Kitengela, 21 Aprili 1998

Susu,

Naandika nimesimama, Okoth amewasha lori.

Betri imekufa yenyewe. Ikimalizwa mara nyingi mpaka chini, sahani za ndani huharibika, haishiki tena chakula. Waya mmetengeneza vizuri, lakini mgonjwa alikuwa ameshaliwa ini. Nimetoa betri mpya kwa Bedan, atanikata mshahara. Iko na Okoth, nyuma ya kiti chake, imefungwa kwa gunia. Isilazwe ubavu.

Mpaka ifike, msiegeshe pikapu uani. Iegesheni pale juu ya mteremko wa kanisa, pua ikiangalia chini, mawe mbele ya magurudumu. Betri ile ya zamani ibaki ndani, uhai kidogo uliobaki unahitajika. Siku ikifika mtoe mawe, Simel aweke gia ya pili, akanyage klachi, gari ikipata mbio aachilie. Diseli itashika. Chini kuna ile kalvati ya kupitisha maji imebomoka upande, kwa hiyo ishike kabla ya hapo. Hakuna nafasi ya kujaribu mara mbili.

Mpe Simel salamu. Mwambie nimecheka kuhusu pus mpaka Bedan akatoka nje kuniangalia. Halafu nikaacha kucheka.

Usiniambie nije.

Muteti

*

Entarara, 9 Mei 1998

Kwa Muteti,

Leo sitaanza na magoti.

Ilikuwa Jumapili, tuko kanisani, mchungaji amefika kwa mahubiri. Nzilani akanishika mkono akasema, "Susu, maji." Nikafikiri ana kiu. Nikamwambia angoje sala. Akasema, "Susu, si ya kunywa."

Betri yako haikuwa imefika. Okoth alikuwa amekwama tena huko kwa barabara. Pikapu ilikuwa pale juu ya mteremko na mawe yake. Tulimweka Nzilani mbele, mimi nikakaa kando yake, Simel kwa usukani. Nikamwambia Simel aombe. Akasema ameshaomba tangu Jumatatu.

Mawe yakatolewa. Gari haikusonga! Magurudumu yalikuwa yamezama kwa matope ya usiku. Nikatoa kichwa kwa dirisha nikaita kanisa. Bila maiki, Muteti. Wote walitoka. Tabitha alikuwa wa kwanza, na ile kofia yake ya manyoya, akaweka bega kwa mlango wa nyuma wa pikapu na kuwapigia akina mama kelele, "Sukumeni! Mnasukuma kama mnapapasa mtoto!" Viatu vya Jumapili vyote viliharibika.

Tukatoka. Tukashuka. Simel akaachilia klachi, gari ikaruka kama mbuzi na kunyamaza. Nzilani akalia. Nilikuwa naiona kalvati inakuja. Simel akakanyaga tena, akangoja, mimi nikampiga bega nikasema, "Achilia!" Akasema, "Nyamaza, Koko!" Huyo mtoto aliniambia nyamaza. Nikanyamaza. Akangoja mpaka nikafumba macho, akaachilia, na injini ikashika, moshi mweusi mpaka mbinguni. Tulipita kalvati na gurudumu moja hewani.

Alipasuliwa kabla ya saa sita. Ni msichana. Analia kwa sauti kubwa, manesi wanasema hajui kupumzika. Nzilani amedhoofika lakini anakula, na jana alikaa mwenyewe.

Aliniuliza uko wapi. Nikafungua mdomo nimwambie ni kazi, nikaona anajua. Anajua yale nilisema matangani, watu walimwambia kitambo. Akarudi kumfunika mtoto. Afadhali angenitukana.

Muteti, mwaka juzi mkokoteni ulichelewa. Ni hiyo tu. Punda alichoka kwa mlima. Nilikuwa nataka mtu wa kulaumu na wewe ulikuwa umefika sasa hivi, umesimama mlangoni. Simel naye alikuwa amekaa kwa gari. Mimi niko na mdomo mrefu kuliko macho. Sitaandika hii tena, kwa hiyo soma vizuri.

Kwetu Wakamba mtoto huvalishwa ithaa, ule mkufu mdogo, shingoni na baba yake ndipo ahesabiwe mtu. Mchungaji atabatiza wakati wake, mimi sijakataa. Nimeitoa ithaa kwa sanduku nikaisafisha na majivu. Susu hawezi kuvalisha. Nzilani anatoka hospitali Alhamisi, na hatamleta mtoto nyumbani kama wewe hauko, amesema hivyo na amefunga mdomo kama mimi.

Betri yako ilifika siku ya pili. Imefungwa. Barua hii sikumpa Okoth, nimempa Simel, na yuko mbele yako sasa ukisoma. Nina hakika amesimamisha pikapu nje ya gereji na injini inanguruma, kwa sababu tangu siku ile anaogopa kuizima. Mwambie aizime, aingie, anywe chai.

Ukimaliza kuchukua nguo zako, pandeni. Itawaka.

Susu yako,
Mukonyo